Haki ya Njia: Baskeli, Basi na Gari katika Barabara Moja

Katika mikusanyiko yetu ya hapa London, iwe arusi, hitima au mazungumzo ya baada ya sala ya Ijumaa, hakosekani mtu wa kutaja barabara. Mmoja ameletewa faini kwa kuingia njia ya mabasi. Mwengine amekuta mtaa wake umezibwa kwa masanduku ya maua, na sasa hana budi kuzunguka ili afike nyumbani. Wa tatu analalamika kwamba wapanda baskeli hawasimami kwenye taa nyekundu. Mazungumzo haya aghalabu huishia katika kuwalaumu "wale wengine", kana kwamba wenye magari ni kabila moja, wapanda baskeli kabila la pili, na abiria wa basi kabila la tatu.

Tukitazama vizuri majumbani mwetu tutaona kwamba sivyo. Nyumba moja ya Waswahili katika mji huu huweza kuwa na baba anayeendesha minikebu usiku, mama anayepanda basi na kigari cha mtoto, kijana anayesambaza vyakula kwa baskeli, na bibi anayevuka barabara kwa mkongojo kwenda kwa daktari. Wote hao hula sinia moja. Ugomvi wa barabara, basi, umo ndani ya nyumba zetu wenyewe, na hatuwezi kuuamua kwa kumpendelea mmoja na kuwasahau waliobaki. Kwa sababu hiyo tumeona vyema tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, ili kila mmoja ajue haki yake na, lililo muhimu zaidi, haki ya mwenziwe.

Barabara haivutiki

La kwanza la kufahamu ni kwamba nafasi ina mpaka. Mitaa mingi ya London ilichorwa kabla ya gari kuwapo duniani. Nyumba na maduka yamesimama kulia na kushoto, wala hakuna atakayeyabomoa ili njia ipanuliwe. Kwa hiyo kila hatua anayopewa mmoja hutoka kwa mwengine, na swali la uadilifu haliepukiki: nani apewe kiasi gani, na kwa kipimo gani?

Wengi wetu hupima kwa idadi ya magari. Kipimo kilicho karibu zaidi na haki ni idadi ya watu. Basi moja la ghorofa huchukua watu wapatao 80, nalo hukaa mahali pa magari mawili au matatu, ambayo mara nyingi kila moja lina dereva peke yake. Shirika la maofisa wa usafiri wa miji ya Amerika ya Kaskazini limekadiria kwamba njia moja ya barabara ikiachiwa magari binafsi hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Njia hiyo hiyo ikitengwa kwa mabasi hupitisha watu 4,000 hadi 8,000, na ikifanywa njia ya baskeli iliyokingwa, ya kwendea na kurudia, huweza kupitisha watu 7,500.

Hesabu hii haina maana kwamba gari ni jambo baya. Fundi wa mabomba hawezi kubeba vyuma vyake juu ya baskeli, mlemavu anahitaji kufikishwa mlangoni, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hangoji basi. Hesabu inatuonyesha jambo moja tu: mwenye safari isiyo na budi ya gari hunufaika pale wengine wanaoweza kupanda basi au baskeli wanapofanya hivyo. Kila anayeliacha gari nyumbani huwaachia nafasi wale wasioweza kuliacha.

Jinsi London ilivyogawa njia zake

Mgawanyo tunaouona leo haukuanza jana. Njia ya kwanza ya mabasi katika mji huu ilitengwa mwaka 1968 katika daraja la Vauxhall. Tarehe 17 Februari 2003, wakati meya alipokuwa Ken Livingstone, ulianza utaratibu wa kuwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya mji. Ada ilikuwa pauni 5 kwa siku, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa imepanda hadi pauni 15. Mwaka 2010, Boris Johnson akiwa meya, zikaja baskeli za kukodi pamoja na njia za baskeli zilizopakwa rangi ya buluu. Rangi peke yake haimkingi mtu na lori, na baada ya vifo na malalamiko mengi zikajengwa njia zilizotengwa kwa ukingo wa mawe, kama ile ipitayo kando ya mto Thames iliyofunguliwa mwaka 2016.

Kisha ikaja ada ya moshi, ambayo wengi wetu tuliihisi mifukoni. Ilianza tarehe 8 Aprili 2019 katikati ya mji kwa pauni 12.50 kwa siku kwa magari yasiyotimiza kipimo, ikapanuliwa Oktoba 2021, na tarehe 29 Agosti 2023 ikaenea mitaa yote ya London.

Ni vizuri tujue sababu ya hatua hizi, tusidhani kwamba ni njaa ya fedha peke yake. Mwezi wa Februari 2013 mtoto wa miaka 9, Ella Kissi-Debrah, aliyekuwa akiishi Lewisham karibu na barabara kuu ya South Circular, alifariki kwa maradhi ya pumu. Mama yake hakunyamaza. Mwezi wa Disemba 2020, baada ya uchunguzi wa pili, mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia katika kifo cha mtoto huyo. Sisi tunaoishi katika nyumba za kupanga kando ya barabara kubwa, kwa kuwa ndiko kodi inakotuwezekana, tuna sababu ya kuipima habari hiyo zaidi kuliko wakaazi wa mitaa yenye bustani. Moshi humfikia kwanza mtu wa dirisha la barabarani, hata kama hana gari.

Malalamiko yenye haki

Hata hivyo hatutakuwa waadilifu tukiwafanya wenye magari kuwa wakaidi tu. Madereva wa minikebu, ambao ni wengi katika jamii yetu, wana kesi inayostahiki kusikilizwa. Hadi mwaka 2019 magari yao yalisamehewa ada ya kuingia katikati ya mji. Mwezi wa Aprili mwaka huo msamaha ukaondolewa, isipokuwa kwa magari yenye nafasi ya kiti cha magurudumu, ilhali teksi nyeusi zikaendelea kusamehewa. Teksi nyeusi huruhusiwa kupita katika njia nyingi za mabasi, na minikebu haziruhusiwi ila kwa kumshusha au kumpakia abiria pale inaporuhusiwa. Suala hilo lilifikishwa hadi Mahakama ya Ulaya, ambayo mwaka 2015 ilikubali kwamba tafauti hiyo yaweza kuhalalishwa, kwa kuwa teksi nyeusi zina wajibu wa kuwachukua abiria wanaozisimamisha njiani. Sheria ndivyo ilivyosema. Lakini anayelipa ada kabla hajapata abiria wa kwanza ana haki ya kuuliza kama mzigo umegawanywa sawa.

Wako wengine wenye malalamiko. Mitaa ya ndani ilipofungwa kwa magari yapitayo, hasa tangu mwaka 2020, watu wa mitaa hiyo walipata utulivu, na watoto wao wakaweza kupanda baskeli mlangoni. Palipotokea magari hayo kumiminwa kwenye barabara kuu jirani, msongamano uliwaangukia wanaoishi huko na abiria wa mabasi yanayopita huko. Utulivu wa mtaa mmoja haufai kununuliwa kwa moshi wa mtaa wa pili, na halmashauri inayofunga njia ina wajibu wa kupima pande zote mbili.

Vilevile vipo vituo vya basi ambapo njia ya baskeli hupita baina ya kituo na njia ya waendao kwa miguu. Mpanda baskeli hunusurika asiingie mbele ya basi, lakini mzee anayeshuka, au kipofu asiyeisikia baskeli ikija, hujikuta katika hatari mpya. Jumuiya za wasioona zimelalamikia vituo hivi kwa nguvu, na malalamiko yao si ya kupuuzwa.

Mwenye nguvu ampishe mnyonge

Wazee wetu walisema: mwenye nguvu mpishe. Ilikuwa nasaha ya kumnusuru mnyonge, asisimame mbele ya asichokiweza. Barabarani nasaha hiyo inafaa kwa usalama wa nafsi, lakini haifai kuwa sheria, kwani ikifanywa sheria lori litatawala, gari litafuata, na mtoto hatavuka kamwe.

Kanuni za barabara za Uingereza zilibadilishwa tarehe 29 Januari 2022 na kuligeuza jambo hilo juu chini. Sasa zinasema kwamba mwenye chombo kinachoweza kudhuru zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi la kujihadhari. Lori lina jukumu kuliko gari, gari kuliko baskeli, na mpanda baskeli naye ana jukumu kwa mwenda kwa miguu. Walimu wetu wa chuoni walitufunza tungali wadogo kwamba njia ina haki yake, na kwamba kuondosha kitu cha kudhuru njiani ni sadaka. Kanuni hii, kwa hiyo, si ngeni kwetu. Tunatakiwa tuitekeleze tukiwa nyuma ya usukani.

Pia tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Ni neno la kumliwaza aliyefikwa, na mahali pake ni matangani. Kabla ya ajali, kinga ipo. Gari liendalo maili 20 kwa saa huhitaji kama mita 12 kusimama, na liendalo maili 30 huhitaji mita 23, karibu mara mbili. Mtoto aliyeufuata mpira wake hadi katikati ya njia hutenganishwa na mauti kwa mita hizo 11.

Kila mmoja na wajibu wake

Tuanze na wenye magari. Unapompita mpanda baskeli katika mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, acha nafasi isiyopungua mita moja na nusu. Nafasi ikikosekana, ngoja nyuma yake. Ukipinda kuingia mtaa mwengine, mpishe mwenda kwa miguu anayengoja kuvuka hapo, wala usimkatie njia mpanda baskeli anayekwenda moja kwa moja. Kabla ya kufungua mlango tumia mkono ulio mbali nao: dereva wa hapa, akaaye kulia, aufungue kwa mkono wa kushoto. Kwa kufanya hivyo mwili hugeuka wenyewe na macho huona nyuma. Basi likionyesha taa kwamba linatoka kituoni, lipe nafasi ikiwa ni salama. Na kabla ya kuingia njia ya mabasi soma kibao, kwani saa za kukatazwa hutafautiana baina ya njia na njia.

Wapanda baskeli nao hawana udhuru. Taa nyekundu inawahusu kama inavyomhusu dereva. Kupanda baskeli juu ya njia ya waendao kwa miguu ni kosa kwa sheria ya mwaka 1835 ambayo ingali ikitumika. Usiku lazima pawe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Mpanda baskeli asibane ukingoni mwa barabara, akae mbali na milango ya magari yaliyoegeshwa, na kanuni zinamruhusu kushika katikati ya njia penye wembamba au magari yaendayo polepole. Kubwa kuliko yote: asijipenyeze kamwe upande wa kushoto wa lori au basi kwenye makutano. Huko ndiko dereva asikoona, na lori likipinda kushoto baskeli haina pa kukimbilia. Vijana wetu wengi wamekuja hapa kutoka Maskati na miji mingine ya Ghuba, ambako magari hupita kulia. Wao hasa wafundishwe hatari hii, kwa kuwa macho yao yamezoea upande wa pili.

Kwa vijana wanaosambaza vyakula tunaongeza neno. Baskeli ya umeme inayokubaliwa na sheria ni ile yenye pedali, yenye mota isiyozidi wati 250, na ambayo msaada wa mota hukatika ifikapo maili 15 na nusu kwa saa. Ikiongezwa nguvu huhesabiwa kuwa ni pikipiki, na hapo hutakiwa leseni, bima na usajili. Polisi wana uwezo wa kuichukua, na kijana akikamatwa hupoteza chombo na riziki kwa siku moja. Wazazi waulize kabla ya kununua.

Abiria wa basi, ambao hatudhani kwamba wana wajibu, wanao. Anayeshuka kituoni atazame njia ya baskeli kabla ya kuvuka, na watoto wafunzwe wasikimbie mbele ya basi lililosimama. Nasi tusiione safari ya basi kuwa ni unyonge. Mtoto aliye chini ya miaka 16 mwenye kadi yake hupanda bure, na aliyefikia miaka 60 pia anaweza kuomba kadi ya bure. Ni neema ambayo miji mingi haiwapi watu wake.

Na Ijumaa? Tuseme kweli. Mbele ya baadhi ya misikiti magari huegeshwa safu mbili, au hupandishwa juu ya njia ya waendao kwa miguu, jambo ambalo limekatazwa London tangu mwaka 1974. Mwenye gari husema ni dakika tano tu. Basi lenye watu 80 likizuiliwa kwa dakika tano, muda uliopotezwa ni dakika 400, yaani zaidi ya saa sita za watu ambao hawakushauriwa. Miongoni mwao yumkini yumo muuguzi anayewahi zamu, na Muislamu mwenzetu anayeiwahi sala hiyo hiyo. Mama mwenye kigari cha mtoto naye hulazimika kushuka barabarani. Jirani asiyetujua dini yetu huisoma katika namna tunavyoegesha. Tuwaombe wasimamizi wa misikiti waweke watu wa kuelekeza magari, wapange sehemu salama ya kufungia baskeli, na wakumbushe kabla ya hotuba.

Mifano ya karibu na mbali

Wapo wasemao kwamba mambo ya baskeli ni ya Waholanzi, wao wamezaliwa nayo. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai mauaji ya watoto yakomeshwe, na katika muongo huo huo bei ya mafuta ikapanda ghafla. Njia za baskeli tunazozisifu leo zilitokana na madai hayo na kazi ya miaka mingi, na nchi hiyo ingali na magari mengi.

Kwetu nako hatukosi mafunzo. Tarehe 10 Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Dar es Salaam, kutoka Kimara hadi Kivukoni, katika njia iliyotengwa katikati ya barabara. Waliowahi kukaa saa nyingi ndani ya daladala pale Ubungo waliona tafauti mara moja. Walioona pia bodaboda na magari binafsi yakijipenyeza katika njia hiyo walijifunza somo la pili: njia ikitengwa bila ya watu kuiheshimu, basi hurudi kule kule kwenye foleni. Na kuyapata mabasi ya kutosha ni sehemu ya haki hiyo, kwani njia tupu isiyo na basi humkasirisha kila mtu.

Sauti zetu zinakosekana

La mwisho ndilo tunalolihofia zaidi. Halmashauri inapotaka kubadilisha mtaa, mara nyingi hutangaza na kuomba maoni. Baadhi ya mabadiliko huwekwa kwa majaribio, ambayo hayawezi kuzidi miezi 18, na pingamizi za wakaazi hupokewa katika miezi sita ya mwanzo. Karatasi ya tangazo huletwa mlangoni, nasi huitupa pamoja na matangazo ya piza kwa kuwa imeandikwa Kiingereza kizito. Miezi sita hupita. Kisha tunasema hatukuulizwa.

Wanaojibu ni wenye wakati, wenye lugha na wenye mazoea ya kuandika. Dereva wa usiku hajibu, mama wa basi hajibu, kijana wa baskeli hajibu. Barabara hupangwa kwa mahitaji ya waliosema, na aliyenyamaza hukadiriwa. Tunapendekeza basi kila jumuiya ichague mtu mmoja au wawili wanaosoma Kiingereza vizuri, wazitazame karatasi hizi, wazieleze kwa Kiswahili baada ya sala au katika darsa za akina mama, na wawasaidie watu kuandika. Si lazima maoni yetu yawe mamoja. Dereva aandike la dereva na mama aandike la mama, na anayeamua aione nyumba yetu nzima.

Kijana wako akitoka na baskeli yake usiku huu, dereva atakayekutana naye kwenye makutano yumkini ni baba wa mwenzake. Kila mmoja amwendeshee mwenziwe kama anavyotaka wanawe waendeshewe. Mwenyezi Mungu atujaalie safari za salama, kwenda na kurudi. Amin.